Mzee Viti Anatua Mzigo

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, ibada ya pili ikimalizika, mtunza jengo la kanisa letu atawakabidhi wazee wa kanisa shada la funguo kumi na moja, mbili kati yake hakuna ajuaye zinafungua nini. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi. Jina lake limo katika daftari la ushirika, lakini ukimwita kwa jina hilo barabarani hageuki. Kwetu sote yeye ni Mzee Viti.

Ukweli ni kwamba hakuajiriwa. Alikuwa seremala, akaja kurekebisha mlango wa ofisi ya mchungaji, kazi ya siku tatu. Mlango ule mpaka leo haufungi vizuri, naye kwa uaminifu wake hakuweza kuondoka kabla kazi haijaisha.

Katika kusubiri huko alipewa kufagia, kufungua, kufunga, na kupanga viti mia moja na ishirini vya mbao. Chini ya kila kiti aliandika kwa chaki jina la anayekikalia. Kila Jumamosi mchana alivifuta kimoja kimoja kwa kitambaa chenye mafuta, huku akimwombea mwenye kiti. Mwenye shida ndogo alifutiwa kidogo. Mwenye shida kubwa alifutiwa hadi kitambaa kikapata moto. Matokeo yake, waumini wakawa wanaingia kanisani wakitazama viti kabla ya madhabahu. Kuna mwaka kiti cha kiongozi wa kwaya kilimeremeta hata ungeweza kuchania nywele humo. Wanakwaya walichekelea sana, mpaka walipotazama vya kwao. Kiti cha karani wa ofisi nacho kina mng'ao wake, lakini huo unatokana na aina ya mbao.

Katika mwaka wake wa nane mambo yaliharibika. Waumini walikuwa wamepungua hadi kumi na tisa, mchungaji na mkewe wakiwemo. Ikaja barua kutoka makao makuu: mkaguzi atafika Jumapili ya mwisho ya Juni, na asipokuta watu hamsini, kanisa litafungwa na jengo lifanywe ghala. Wazee wakaunda kamati. Kamati ikaunda kamati ndogo. Kamati ndogo ikapendekeza kipaza sauti kikubwa kielekezwe mtaani. Kilileta wageni watatu, wote wakiwa wamekuja kulalamika.

Mzee Viti hakuwa kwenye kamati yoyote. Yeye aliona tu viti mia na kimoja vilivyopoa. Akageuza kimoja, akasoma jina la bibi mshonaji ambaye hakuonekana kwa miezi minne, akakitia kichwani na kushika njia. Alimkuta bibi kitandani, nyonga imeteguka. Kamati zote mbili hazikujua. Akaweka kiti kando ya kitanda, akaketi, akasoma zaburi kwa miwani iliyobaki na mkono mmoja, akaomba, akamfagilia ua, akajitwika kiti na kurudi. Hakuuliza kwa nini haji. Alisema tu kwamba kiti kilikuwa kimepita kumjulia hali.

Ukawa ndio mtindo wake. Ukikosa Jumapili mbili, kiti kinakuja. Mtaa mzima ukimwona na kiti kichwani, watu walichungulia kujua kinaelekea kwa nani, na waliokuwa na hatia waliingia ndani na kujifanya hawapo. Kiti kilisubiri. Mkewe hulalamika kwamba mwanamume huyo nyumbani hajawahi kubeba hata kikombe.

Kosa lake kubwa kuliko yote alilifanya wiki tatu kabla ya ukaguzi. Alielekezwa kwenye nyumba ya mlango wa bluu, na mtaa ule una milango ya bluu miwili. Akagonga kwa mwenye bucha, mtu aliyekanyaga kanisani mara ya mwisho siku ya harusi yake. Mzee Viti akaweka kiti, akamwombea arudi kundini na apone goti. Goti lilikuwa la jirani, lakini mwenye bucha aliitikia amina kwa adabu, huku mkewe akilia kwa sauti, maana alikuwa amemwombea mumewe kwa miaka kumi na mmoja na hakutegemea jibu lije na kiti. Mwenye bucha aliuliza tangu lini ana kiti katika kanisa hilo. Mzee Viti, aliyekwisha kung'amua kosa, alijibu bila kupepesa macho kwamba tangu leo, akakiacha hapo kwa aibu.

Jumapili iliyofuata mwenye bucha alifika na kiti kichwani. Alidhani katika kanisa letu kila mtu huja na chake. Nyuma yake walikuwa mke, watoto wanne na shemeji. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakukosea. Siku hizi ndiye mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na goti limeanza kumsumbua kweli.

Siku ya ukaguzi mkaguzi alihesabu viti vilivyokaliwa: arobaini na tisa. Akahesabu tena, ni vilevile. Mchungaji alifumba macho. Mkaguzi akafunga kalamu, akageuka kuondoka, akagongana na mtu aliyesimama mlangoni. Alipouliza huyu ni nani na kwa nini hakai, tuligundua kwamba aliyetupangia viti vyote hakuwa na kiti. Kalamu ikafunguliwa. Akawa wa hamsini.

Leo tuko mia nne na zaidi, na wageni hufika kujifunza siri yetu. Tunawaonyesha kipaza sauti, kwa sababu kamati bado ipo. Lakini kila jumuiya ina wabeba viti wake, na kila Jumamosi vitambaa vinapata moto. Hata wale mawifi wawili wa sauti ya kwanza, waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya sufuria, Mzee Viti alivichukua viti vyao kwa matengenezo na kuwakalisha kwenye benchi moja bovu, ambalo mmoja akisimama ghafla, mwenzake anaanguka. Ilibidi waanze kuambiana. Upatanisho ulianzia kwenye neno nasimama.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, alisema mlango haujaisha.

Basi tumemchongea kiti. Jina liko chini, kwa rangi, si kwa chaki. Kimewekwa safu ya mbele, na tumekisugua sana, ajue tunavyomwombea. Mzee Viti, asante kwa kila hatua uliyotembea na mzigo wetu kichwani. Pumzika salama, uwe na afya na uzee wenye vicheko. Lakini ukikosa Jumapili mbili, kiti hicho tutakubebea sisi wote mia nne. Na tukikosea mlango, usijali: huenda tukarudi na mtu.