Kikapu cha Majani na Mwenyewe Hayuko

Dolphine, karani wa kiwanda cha chai, alijifanya anatazama nje ya dirisha la matatu, lakini masikio yote mawili yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Kijana wa chuo cha Kabianga alikuwa amempa mama asiyemjua simu, atazame filamu ya kutisha aliyoitengeneza mwenyewe.

"Mbona picha inatetemeka? Ulikuwa na homa?"

"Ni makusudi, mathe. Ndiyo ikae ukweli, kama video iliyookotwa mahali."

Mzuka ukatoka kwenye ukungu. Mama akapiga miayo. Dolphine akamhurumia kijana. Mara mama akashika kifua. "Uui! Hiyo kikapu!"

"Kikapu gani?"

"Imejaa majani, na mwenyewe hayuko! Nani huacha chai kabla ipimwe alipwe? Huyo amekufa."

"Ni ya mamangu. Alikuwa kando, ananishikia mwavuli."

"Usinidanganye, mwanangu. Mzuka wako ni shuka. Kikapu ni ukweli."

Wakiwa bado wanabishana, gari likasimama katikati ya mashamba, pale mama alipoomba kushukia. Akachungulia nje. Kando ya barabara kulikuwa na kikapu kimejaa majani, peke yake.

"Dereva," akasema, "endesha tu mpaka kwa watu."

Dolphine pia alikuwa wa kushuka hapo. Hakuinuka.