Nukta Moja ya Ziada

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Niruhusuni nianze kwa kujisifu, maana nikingoja nisifiwe na wengine kipindi kitaisha. Katika miaka sita ya kuwa hewani na marehemu, sikukosa Jumamosi hata moja. Hata moja! Mvua ilinyesha, nilikuwepo. Umeme ulikatika, nikaunga betri, nilikuwepo. Homa ilinishika, nikajifunga shuka kama sambusa, nilikuwepo. Daftari langu hili hapa mezani, limeandika yote.

Lakini leo nimechoka. Tumemzika juzi, na sauti yangu mnaisikia, imefuliwa ikakamuliwa. Mnivumilie.

Tunamkumbuka fundi wa cherehani. Sisi wa hewani tulimwita Nukta. Kazi yake ilikuwa cherehani, mapenzi yake yalikuwa redio. Nasema redio ya ridhaa, ile ambayo hulipwi shilingi. Unakaa kuongea na watu usiowajua sura, halafu mkeo anakuuliza mbona mimi huniongeleshi. Mjane wake yupo nami hapa studio. Ameketi mbele yangu, mkoba magotoni. Nilipomuuliza mumewe alikuwa mtu wa namna gani, alijibu, "Alikuwa mtu wa kusema 'usiguse.'"

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja. Mezani kulikuwa na cherehani zilizofumuliwa, bobini kwenye makopo, mikanda ikining'inia ukutani. Katikati ya vyote hivyo iliketi redio. Waya wake ulitoka dirishani, ukapanda hadi kwenye tangi la maji. Alikuwa akishika maikrofoni kwa mkono wenye mafuta ya mashine, ndiyo maana kitufe chake kilikuwa cheusi.

Kila Jumamosi saa kumi alasiri tulikutana hewani. Tulikuwa watatu: Nukta, daktari mstaafu tuliyemwita Mng'oa Meno, na mimi, waliyeniita Domo. Mazungumzo yalikuwa yale yale, wazee wetu waliopita jeshini. Babu yake Mng'oa Meno alikuwa mpishi wa kambi. Alianza kama koplo. Mwezi uliofuata tukasikia ni sajini. Kufikia sikukuu alikuwa meja.

"Daktari," Nukta akamwambia siku moja, "babu yako amekufa miaka hamsini na bado anapandishwa cheo?"

"Wivu huo," Mng'oa Meno akajibu. "Subiri mwakani, utampigia saluti."

Mimi ukoo wangu mzima haukuwahi kutoa askari, isipokuwa mjomba aliyelinda ghala kwa kirungu. Hata kirungu chenyewe kiliibwa.

Nukta alicheka nasi. Ila zamu yake ilipofika, hakuwa na cheo cha kujisifia.

Baba yake alikuwa mpeleka ishara jeshini, mtu wa ile lugha ya nukta na vistari. Nukta alikuwa na miaka saba. Jioni baba alikaa naye mezani, kila mmoja na kijiko chake. Baba aligonga neno, mtoto akarudia. Na kila aliporudia, mtoto aliongeza nukta moja mwishoni. Ngo. Wakaanza upya. Ngo. Wakaanza tena. Ngo.

"Mwanangu, mkono wako una kigugumizi," baba akasema.

Mtoto akanuna, kijiko akakisukuma.

"Basi, basi. Nipe mimi hiyo nukta yako. Kila nikimaliza ujumbe nitaiweka mwishoni. Siku ukiwa na redio yako, utanijua."

Wiki ile ile baba akaondoka na kikosi. Hakurudi. Ilirudi karatasi. Karatasi ilikuwa na jina la baba, na mbele ya jina neno moja: alitoroka.

Mama yake aliikunja karatasi akaitia kwenye kopo la bobini. Shuleni wenzake walimwita mtoto wa mtoro. Mwaka baada ya mwaka majina ya waliokufa vitani yalisomwa kwa sauti, na la baba yake halikusomwa. Nukta hakugombana na mtu. Alisema jambo moja tu, na alilisema mpaka mwisho: "Mtu anayetoroka anazima redio kwanza. Baba yangu hakuzima."

Aliiandikia ofisi ya kumbukumbu za jeshi. Ikamjibu kwa mistari miwili: leta shahidi mmoja aliyehudumu naye, mwenye jina na namba yake ya jeshi. Shahidi mmoja. Jina na namba.

Basi kwa miaka thelathini na mmoja, kila Jumamosi kabla hatujaagana, Nukta aliuliza hewani, "Kuna yeyote aliyewahi kusikia mkono unaoacha nukta moja ya ziada?" Mng'oa Meno alimtania kwamba nukta moja ni herufi E, kwa hiyo baba yake kila akimaliza ujumbe wa jeshi alikuwa anasema "eeh?" Nukta alicheka hadi akakohoa. Kisha akauliza tena. Wasikilizaji wapendwa, miaka thelathini na mmoja. Mimi niliisikia sita tu, na nilichoka kwa niaba yake.

Mwaka jana masikio yakaanza kumwacha. Akaniita karakana.

"Domo, mdomo unao. Masikio je?"

"Ninayo mawili, mzee."

"Niazime. Tukishaagana, wewe baki kwenye masafa yetu dakika kumi. Mtu akinijibu, mwombe jina na namba. Andika. Kisha niletee daftari nisome."

"Dakika kumi tu, mzee? Hata ishirini nitakaa."

"Kumi zinatosha. Usinipe maneno, nipe kumi."

Nikawa nabaki. Kila Jumapili nikampelekea daftari. Akavaa miwani, akasoma neno lile lile. Kimya. Kimya. Kimya. Akanirudishia, akasema, "Ahsante, mwanangu."

Jumatatu iliyopita mchana mkewe alimkuta ameegemea meza ya kazi, bisibisi mkononi, cherehani ya watu haijamalizika. Alikuwa na miaka sabini na miwili. Karatasi bado imo ndani ya kopo, na bado inasema alitoroka.

Kwa Mama, kwa watoto na wajukuu, poleni sana. Poleni kwa msiba, poleni na kwa uchovu wa matanga. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani ametuazima masikio yetu, na je, tumesikiliza kweli? Maana kusikiliza ni kazi ndogo, lakini ukiikosa...

"Domo," Mama akasema. Amevuta maikrofoni ya wageni. "Fungua daftari lako. Jumamosi ya pili, mwezi uliopita. Umeandika nini?"

Nikafungua. "Kimya, Mama."

"Siku hiyo mlipoagana ulisema hewani, 'Domo anabaki.' Mzee alikwenda kujilaza. Redio ilikuwa wazi, nafagia vipande vya uzi. Akaja mtu. Sauti ya mzee sana, iko mbali. Akasema, 'Nimesikia swali la huyo fundi. Kwetu alikuwepo mmoja mwenye mkia huo. Sisi tulivuka mto, yeye akabaki na mashine yake atuelekeze njia. Tulimsikia hadi ile nukta ya mwisho. Jina langu nimpe nani?' Akakuita. Domo, unanipata? Domo, unanipata? Domo?"

Mimi mtangazaji wenu nikauliza jambo la kijinga. "Mbona hukubonyeza kitufe ukamjibu, Mama?"

"Kitufe kipi? Miaka arobaini naambiwa usiguse! Nikabonyeza kimoja, redio ikazimika. Nilipoiwasha hakuwepo tena. Wewe ulikuwa wapi?"

Wasikilizaji wapendwa, nilikuwa nimelala. Nilisema nabaki, nikalala na viatu miguuni. Lile neno 'kimya' nililiandika Jumapili asubuhi, nikiwa njiani kwao.

"Nilichoka, Mama."

"Najua. Alijua na yeye. Nilimwendea kitandani, nikamgonga mkononi mara moja tu, ajue amejibiwa. Ngo. Akanishika vidole asiviachie. Kesho yake ukaja na kimya chako. Ulipoondoka nikataka kukufuata hadi barabarani. Akasema, 'Mwache. Mtu wa mdomo tumempa kazi ya masikio, kosa ni letu.'"

Nikalifunga daftari.

"Yeye alikuacha," Mama akasema. "Mimi sijakuacha. Yule mzee pengine yupo hai, pengine redio yake iko wazi sasa hivi. Mwite. Mwite mara tatu, kama alivyokuita."