Chuma Namba Saba cha Wattie Geddes

Benchi la Balcrennie limeegemea ukuta wa kibanda cha Moira Petrie, mama anayepanga zamu za kuanza katika uwanja wa gofu wa mji huo wa pwani. Ukuta huo unakinga upepo wa baharini, na sijui sababu nyingine ya watu kulipenda benchi lile, maana ni gumu na limepinda. Wanaokaa hapo alasiri ni wale wale. Yupo Archibald Kinnear, fundi saa mstaafu, anayeitwa Daktari kwa kuwa hajapata kukutana na ugonjwa asioujua. Yupo Alexander Swankie, aliyeendesha lori la viazi mpaka akaitwa Viazi, naye ndiye mleta kahawa katika chupa lake kubwa. Yupo George Lumsden, aliyekuwa mwoka mikate, ambaye hakuna anayemwita George. Ni Dod tu. Na yupo Walter Geddes, Wattie, aliyeezeka nusu ya mapaa yanayoonekana kutoka hapo.

Alhamisi hiyo ukungu ulikuwa umeingia tangu asubuhi na wachezaji walikuwa wachache. Wattie alifika wa mwisho, mkononi kashika chuma namba saba, fimbo yake ya gofu yenye kichwa cha chuma. Viazi alisogea kumpisha, halafu akasogea tena zaidi ya ilivyohitajika, na Daktari naye akasogea, hata pakabaki pengo la kukaa mtu mnene.

— Hauambukizi, alisema Wattie.

— Nani kasema unaambukiza? alijibu Viazi. Kaa, bwana. Kaa hapo hapo ulipo.

Ugonjwa wenyewe una jina, na kila mcheza gofu analijua, ila kwenye benchi lile halitamkwi. Mpira, badala ya kupigwa na uso wa fimbo, unapigwa na shingo yake, pale chuma kinapoungana na mpini, nao unachomoka kulia chini chini kuelekea kwenye vichaka vya miiba. Ulimwanza Wattie wakati wa kuvuna shayiri. Kwa fimbo kubwa za kuanzia alikuwa mzima kabisa. Akishika chuma tu, basi.

Na Jumamosi ilikuwa fainali ya Kombe la Wawili, mchezo ambao watu wawili wanatumia mpira mmoja, huyu akipiga, zamu inayofuata ni ya mwenzake. Wattie na Dod walikuwa wameucheza pamoja tangu wakiwa vijana, na kombe hawajaligusa. Mwisho wa mwezi Dod alikuwa anahamia Kanada kwa binti yake. Nyumba imeshauzwa, na masanduku yake ya vyombo yalikuwa yamepangwa ukumbini. Moira alitaka kujua kabla ya kufunga kibanda kama watacheza au wanajiondoa. Kanuni haina huruma: mmoja akijitoa, wote wawili wametoka.

Kwa hiyo Wattie alisimama kwenye nyasi mbele ya benchi, akaweka tunda la msonobari chini badala ya mpira, na kuwaomba wamtazame.

Daktari alianza vizuri. Alisema tunda liko nyuma mno, karibu na mguu wa kulia. Wattie akalisogeza mbele. Basi uzito ukabaki mguu wa nyuma, na chuma kikachimba udongo kabla ya kufika. Akaambiwa aegemee mbele. Alipoegemea mbele, Daktari akaona vifundo vya mikono vinafunguka mapema, kama mtu anayetupa ndoano. Akaambiwa avizuie. Alipovizuia, akaonekana anachota badala ya kupiga. Aliposhusha mikono ili asichote, fimbo ikaja kwa nje na kukata kuelekea ndani. Kila dawa ilizaa maradhi mapya, na kila ushauri ulikuwa wa kweli ukiutazama peke yake. Mwishowe Wattie alisimama amekakamaa pote, magoti yakifuata agizo moja na mabega jingine, kama mtu aliyevalishwa suruali ya mwenzake na kuambiwa acheze ngoma.

Alimtupia jicho Dod. Dod alikuwa anakunywa kahawa.

— Mnamchosha bure, alisema Viazi. Tatizo si mikono. Tatizo ni mapaa.

— Mapaa yameingiaje hapa? aliuliza Daktari.

— Huyu maisha yake yote kasimama mguu mmoja juu, mmoja chini. Leo kastaafu, unamsimamisha kwenye tambarare. Mwili unatafuta mteremko wake, hauuoni, unakwenda kulia.

Wattie alisema amecheza gofu kwenye tambarare hii hii miaka yote aliyokuwa akiezeka. Viazi hakutikisika. Alieleza kuwa siku zile mteremko ulikuwa unaishia kazini, jioni mwili umeshiba; sasa unalimbikizana.

Daktari hakukubali kupitwa. Alitafuna biskuti, kisha akamwomba Wattie afungue mdomo. Wattie aliwekewa meno mapya ya juu wakati wa Pasaka. Meno yale, alisema Daktari, ni ya plastiki, mepesi kuliko mfupa, na kichwa kilichopunguziwa uzito mbele lazima kiinuke. Kichwa kikiinuka, bega linafuata. Bega likifuata, fimbo inasogea kwa nje. Hapo shingo na mpira vinakutana. Katika saa ya stesheni, punje ya vumbi isiyoonekana inatosha kuchelewesha treni.

— Kwa hiyo nifanye nini?

— Jumamosi uyavue.

— Nicheze fainali kibogoyo?

— Kwani unakwenda kumchekea nani?

Hata Wattie alicheka, lakini kicheko chake kilikatika haraka. Kibandani, Moira alikuwa ameanza kuingiza bendera ndogo anazouza na kuzikunja.

Viazi akaja na la mwisho. Tangu halmashauri ilipofukia waya wa umeme kando ya njia ya kwanza, chuma chote kinavutwa upande huo. Daktari alimwuliza mbona havivutwi vyuma vya watu wengine. Viazi akajibu kwamba vya wengine ni vya kisasa, mchanganyiko tu wa takataka. Cha Wattie ni chuma halisi, cha baba yake. Kwa mara ya kwanza Daktari alionekana kufikiria jambo hilo kwa makini, na hapo Wattie akajua kwamba hakuna msaada utakaotoka kwenye benchi lile.

Akakaa kwenye pengo lake. Aliiona Jumamosi yote ilivyo: watu wa mji wamejipanga kando ya kamba, mpira unachomoka kulia, na Dod anaingia kwenye miiba bila kusema neno, kwa sababu Dod hasemi neno. Zamu inayofuata, hivyo hivyo. Mtu anaweza kukosa kombe na akaishi. Lakini kumvuta rafiki yako miibani mbele ya mji mzima, wiki ya kuagana naye, hilo lilimkosesha usingizi.

Wakati huo alipita mama mmoja na mbwa wake. Alikuwa Hazel Tennant, aliyenunua nyumba ya zamani ya forodha majira ya kuchipua, mgeni asiyejua gofu ni nini zaidi ya kwamba inazuia njia yake ya kwenda ufukweni. Kijiwe kilikuwa kimemwingia kiatuni. Aliomba nafasi, akakaa kwenye pengo ubavuni mwa Wattie bila kujua kwa nini lipo, akavua kiatu. Viazi alimmiminia kahawa. Kwa adabu aliuliza kuna nini, na wakamweleza wote pamoja: uzito, vifundo, mapaa, meno, waya.

Alisikiliza mpaka mwisho, huku akikung'uta kiatu.

— Na zamani, alipokuwa anapiga sawasawa, alikuwa anafanyaje?

Zamani Wattie alikuwa mpigaji mzuri wa vyuma kuliko wote pale, kila mtu anajua, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kumtazama. Anayetazamwa ni mgonjwa. Mwenyewe Wattie alijaribu kukumbuka. Alikumbuka kutembea hadi kwenye mpira, na alikumbuka mpira ukiwa tayari angani. Katikati hapakuwa na kitu.

— Dod ndiye wa kuulizwa, alisema Daktari. Yeye kacheza naye maisha yake yote.

Wakamgeukia. Dod aliweka kikombe juu ya goti.

— Mimi nilikuwa mbele, alisema.

Ni kweli. Pale Balcrennie kuchelewesha mchezo ni aibu kubwa kuliko kushindwa, na katika mchezo wa wawili, mmoja akipiga, mwenzake ameshatangulia kando ya njia kuusubiri mpira pale utakapoangukia, ili asipoteze muda. Miaka yote hiyo Dod alikuwa amempa Wattie mgongo.

— Sijapata kumwona akipiga, aliendelea Dod. Nilikuwa nasikia tu. Unasikia mlio mmoja mkavu, hugeuki, unaendelea kutembea. Halafu mpira unashuka karibu na bendera. Ulikuwa unashuka taratibu. Zaidi ya hapo sijui.

Hazel Tennant alivaa kiatu chake, akashukuru kwa kahawa, akaondoka na mbwa wake akiwa na wasiwasi kwamba amesema jambo lisilofaa. Viazi aliinamisha chupa juu ya kikombe cha Daktari. Likatoka tone, na machicha.

Moira alitoa kichwa dirishani. Alisubiri tu, mkono juu ya komeo.

Wattie alisimama.

— Haya, Dod. Nimwambie tumejitoa?

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, akiwa ameshageukia kibanda, kama jambo lililokwisha. Hakujua mpaka hapo kwamba alikuwa anangoja. Wiki nzima alikuwa ameandaa maneno ya kumshawishi Dod akubali kujitoa, na wiki nzima, chini ya maneno hayo, alikuwa akimsikia Dod akimwambia aache ujinga, watacheza, mpira ukienda miibani ataufuata.

Dod aliutazama uwanja, ingawa katika ukungu ule haukuonekana zaidi ya nyasi za karibu.

— Mwambie, alisema. Alisema kwa upole kabisa.

— Sawa.

— Goti langu nalo linanisumbua, Wattie. Sikutaka kukwambia.

— Sawa, Dod.

Akaenda dirishani.