Kumuaga Mama Mkeka wa Chumba cha Pili

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, wajumbe wa kamati ya shule, walimu wenzangu, ndugu wazazi, na wewe dada yangu mstaafu uliyevishwa maua mpaka shingo haionekani: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa nimsifu. Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi ninazo, na kwa kuwa kipaza sauti kiko mkononi mwangu, nitazitaja.

Vyumba vyetu vya chekechea vimetenganishwa na ukuta mwembamba. Upande wangu, maandalizi hukamilika Ijumaa: malengo, zana, nyimbo, yote yamepangwa mpaka mkaguzi akipita anatabasamu. Upande wa pili, Jumatatu asubuhi, mwenzangu ametandika mkeka, ameketi chini kimya, anawatazama watoto wanavyocheza. Ndiyo maana mnamwita Mama Mkeka. Mimi nilimwita mvivu. Ningejuaje kwamba kule kutazama ndiko kupanga kwenyewe?

Alimwona mtoto mmoja akimimina maji ya kikombe kwenye chupa, yakimwagika, akikasirika, akirudia. Basi wiki nzima ikawa ya maji: wakahesabu vikombe, wakabishana chupa ipi inakula zaidi, wakajifunza nusu ni nini na pomoni ni nini, na nyinyi wazazi mkajazana mlangoni kushangaa. Nani asingeona kijicho? Nikaliazima andalio lake la somo, nikaliiga neno kwa neno, nikaleta beseni. Jamani, ilikuwa gharika! Watoto wangu hawakuwa na habari na vikombe. Walikuwa dirishani wakimtazama fundi anayepigilia mabati kwa jirani, wakigonga meza kumfuatisha. Nikawavuta kwenye beseni, wakaligonga beseni. Mama Mkeka akachungulia. "Dada," akaniambia, "hao wanataka nyundo, maji hawajayafikia." Alisema kweli, na sijamsamehe hadi leo.

Lakini hilo ni dogo. Kwa utaratibu wetu mwalimu hamfundishi mwanawe, hivyo kitinda mimba wangu alipelekwa chumba cha pili. Jioni huwapanga wanasesere wake sakafuni, akacheza mwalimu. Siku moja nikamuuliza, roho juu, "Mwanangu, leo wewe ni mwalimu gani?" Hata hakugeuka. "Mama, nyamaza kidogo. Nawaangalia kwanza." Nilirudi jikoni nikakata vitunguu vingi kuliko chakula kilivyohitaji.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mpya hajapatikana. Kuanzia Jumatatu vyumba vyote viwili ni vyangu, na binti yangu yumo, utaratibu tumeuweka kando. Mkeka nimenunua, nitakaa chini magoti yakikubali. Nitaweza kumwona mwanangu jinsi mtu mwingine alivyomwona? Naogopa, na nasema mbele yenu bila haya.

Sasa Mwalimu Mkuu ametangaza hapa, kwa furaha tele, kwamba mstaafu wetu atakuwa anatutembelea kila wiki. Makofi yenu nimeyasikia. Mimi sikupiga.

Dada yangu, umewapangia watoto wa mtaa huu kila mmoja kwa kipimo chake, hakuna kilichompwaya mtoto wala kumbana. Nipangie na mimi jambo moja: usije. Muhula mmoja tu, usije. Ukitokea pale mlangoni kabla hawajanizoea, watanyanyuka wote wakukimbilie, na mimi ninamjua atakayetangulia.

Kwa kunilelea mwanangu, nakushukuru. Pumzika sasa, dada. Nyumbani kwako.

Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza.