Alijibu Nini Kuhusu Daraja

Benchi letu liko nje ya kibanda changu cha kushona viatu. Nililigonga misumari mwenyewe, ndiyo maana linayumba. Asubuhi ile lilijaa mapema, kwa sababu jana yake mheshimiwa wetu alialikwa kwenye kile kipindi cha runinga kinachosoma habari kwa kejeli, na sote tulimtazama saluni kwa Wembe, kinyozi wetu. Mimi nilikuwa na langu. Daraja la mtoni limesombwa, na binti yangu aliyeolewa ng'ambo ya mto ana mimba iliyokomaa, hospitali iko upande wetu. Tulisikia mheshimiwa ataulizwa habari ya daraja. Nikaomba dua kabla kipindi hakijaanza. Dua ilikuwa nzuri. Kilichofuata, Mungu anisamehe.

— Mheshimiwa anajua, bwana, alianza Wembe. Kaulizwa daraja limekuwaje, kajibu limechoka kubeba watu wasiompigia kura.

— Na lile boya? nikadakia. Mtangazaji kamletea boya la kuogelea, naye kalivaa juu ya suti, kakaa nalo kama kawaida.

Tukacheka upya. Mama Kahawa hakucheka, alikuwa anasuuza vikombe.

— Mnachezewa, alisema Chaji, fundi simu. Maswali alipewa mapema. Kitambi kile, boya la dukani lingemwenea vile? Lile lilipimwa.

— Kwanza hata si yeye, alisema Wembe. Mimi nimemnyoa kabla hajawa mheshimiwa. Kisogoni ana kovu. Jana kovu mlilionea wapi?

— Kamera ilikuwa mbele, Wembe, nikasema.

— Haya, na kwa nini ikae mbele muda wote?

Tukatikisa vichwa, maana hilo lilikuwa na uzito.

— Bado hamjafika, alisema Karani, ambaye amestaafu kazi lakini si maelezo. Kipindi kile kinakula nini? Habari. Habari ziliwaishia. Daraja likaangushwa ili wapate cha kusema.

— Mzee, daraja liliangushwa na mafuriko, alisema Chaji.

— Na mafuriko yaliagizwa na nani?

— Na hii kahawa yangu basi, alisema Mama Kahawa.

Hapo ndipo mkwe wangu alipotokea, amelowa mpaka kifuani, viatu kavifunga kamba na kuvining'iniza shingoni. Benchi lilikuwa na nafasi pembeni yangu, hakukaa.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu. Mwenzio?

— Tumbo limeshuka, baba. Mkunga anasema wakati wowote. Mimi maji nimeyavuka, yeye hawezi. Na kule umeme ulikwenda na daraja, kipindi hatukukiona. Wazee wamenituma niulize tu: alisema litajengwa lini?

Wembe akamtazama Chaji. Chaji akatazama simu iliyozimika.

— Alisema limechoka, Wembe akajaribu.

— Sawa, kaka. Lini?

— Kuna kitu alijibu, alisema Chaji. Mdomo niliuona ukienda. Sasa Wembe alikuwa anapiga kabati kwa kicheko.

— Na wewe ulikuwa umelala sakafuni.

Wakanigeukia mimi, mwenye binti. Boya nalikumbuka rangi yake, mistari yake, hata kamba yake. Jibu silikumbuki. Sijui kama lilikuwepo.

— Sikusikia, mwanangu, nikamwambia. Nilikuwa nacheka.

Akainamisha kichwa kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko tusi.

Mama Kahawa akafunika birika.

— Kahawa imekwisha.

— Mama, mbona naona moshi? aliuliza Wembe.

— Hapa imekwisha. Nitaiuza mlangoni pa ofisi ya mheshimiwa. Anayeitaka anajua njia.

Akabeba jiko lake, akaondoka bila kugeuka. Nikafunga kibanda. Mkwe alishika benchi upande mmoja, mimi mwingine. Akaniomba nimwachie mzigo, nikakataa.

— Na akituchekesha tena? aliuliza Wembe njiani.

— Tutamngoja amalize, nikasema, kisha tutamuuliza tena.

Benchi tuliliweka likitazama mlango wa ofisi. Likayumba kama kawaida yake. Mkwe akavua viatu shingoni, akasukuma kimoja chini ya mguu mfupi, akalijaribu kwa mkono. Likatulia. Safari hii akaketi, pembeni yangu.