Nyimbo Mbili za Kupumulia

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Ndugu Azan Abdulsamad, mwenye duka la filamu na mwenye shughuli hii. Watafsiri wenzangu mliotoka Temeke na Pugu kwa ajili yangu. Wenye vibanda umiza, kumbi zetu za kuonyeshea video, wa Kimara yote. Mke wangu Demetria. Na nyie wateja mlionisikia miaka kumi na saba bila kuniona sura. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo.

Mtaniwia radhi kwa sauti. Hii mnayoisikia ndiyo iliyobaki. Daktari amesema nikiitumia kama nilivyozoea, mwakani nitakuwa naomba chai kwa vidole. Basi leo naaga, na nitasema polepole kwa sababu nimechoka, na safari hii sioni aibu kulitamka neno hilo.

Kazi yangu mnaijua. Ile katuni ya Kijapani ya binti mfua visu anayemtafuta kaka yake, mie Albano ndiye niliyeitia Kiswahili, sehemu mia saba na arobaini, na kaka bado hajapatikana. Binti ni mie. Babu yake ni mie. Jambazi anayemkaba babu ni mie, na babu anayekabwa ni mie pia. Nasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha huku naongea, na sisi wa kazi hii hatusimamishi picha, maana ukisimamisha moto unazimika na mteja anausikia umezimika. Je, mmewahi kujiuliza mtu wa namna hiyo anapumua saa ngapi?

Nilikuwa napumua kwenye nyimbo. Kila sehemu ina wimbo wa kufungua na wimbo wa kufunga, dakika moja na nusu kila mmoja, na nyimbo sikuzitafsiri kamwe. Wapo walioniita mvivu. Marehemu Mzee Abdulsamad, baba yake Azan, Mungu amrehemu, alikuwa akinirekodi stoo, nyuma ya duka, katikati ya magunia ya mchele. Nikiongea, feni inazimwa, kwa sababu mlio wake unaingia kwenye maiki. Wimbo ukianza tu, mzee anaiwasha kwa mkono wake, ananisogezea maji ya tangawizi, anasema, "Pumua, Albano. Mjapani anaimba." Hakusahau hata siku moja. Mabosi wa kuwasifu wapo wengi, ila huyo namsifu nikiwa sina ninachokitaka kwake.

Na kwa kuwa nilinyamaza, nyie mkazishika nyimbo. Kibanda kizima kinaimba Kijapani, na hakuna hata mmoja anayejua anasema nini! Wenyewe Wajapani wanabadilisha wimbo kila baada ya miezi kadhaa, nanyi mkaanza kuhesabia umri kwa nyimbo. Mwulizeni Anjelina wa chapati binti yake ana miaka mingapi. Atawajibu, "Huyu wa wimbo wa tisa."

Kisha nyimbo zikakatwa. Naona mmegeuka kumtazama Azan. Msimtazame hivyo. Alipokabidhiwa duka aliniita, tena kwa adabu: "Mzee Albano, siku hizi watu wanazirukaga hizi nyimbo. Tukizitoa, tunaunganisha sehemu sita, mteja anatazama mpaka mwisho. We unaonaje?" Aliniuliza, hakuniamuru. Na mie, mtu mzima mwenye mke na akili zangu, nilijibu nini? Nilisema, "Kata. Watu wanakuja kusikia sauti yangu, hawaji kuwasikiliza Wajapani."

Majivuno, ndugu zangu. Ulimi uliponza kichwa, na wangu umejiponza wenyewe. Tangu siku hiyo, miaka minne sasa, nimekuwa nikiongea saa mbili mfululizo, feni imezimwa, jasho linaingia machoni na maandishi siyaoni. Kulalamika niliona haya, kwa kuwa mkata nyimbo nilikuwa mie mwenyewe. Demetria ndiye aliyegundua. Jumapili moja kanisani alinigusa kiwiko akaniuliza, "Baba nanihii, mbona huimbi?" Nilikuwa naimba. Sauti ndiyo ilikuwa haitoki.

Sasa pale mezani kuna karatasi. Nikiitia saini, katuni inakwenda kwa Abrar, huyu binti aliyekaa kando ya Azan, naye amesema hashiki maiki bila saini yangu. Abrar mwanangu, nimeyasikiliza majaribio yako. Ulipolia wewe, hata mie nilimwonea huruma mfua visu, na nimemlilia miaka kumi na saba. Lakini juzi uliniambia, "Mzee, mie sehemu nane naenda bila kupumzika." Nikaogopa. Hayo ni maneno yangu, mama, uliyaokota wapi?

Kwa hiyo, Azan, sitatia saini. Usikunje uso, nimekubeba mgongoni ukiwa mdogo. Karatasi yako ni nzuri, ila imepungukiwa na mstari mmoja: nyimbo zote mbili zinarudi, na zikiimbwa, mtafsiri ananyamaza na feni inawashwa. Uandike hapa, mbele ya Mheshimiwa Diwani. Usipouandika, nitakwenda nayo nyumbani hivi hivi, na shughuli yako itakuwa imeharibika mbele za watu. Nakupenda, lakini nitaondoka nayo.

Nasubiri.

Unasemaje, Abrar? "Wateja wakilalamika nimenyamaza, je?" Waache walalamike. Dakika moja na nusu haijaua mteja.

Haya, Azan ameinuka. Mheshimiwa Diwani, naomba umwazime kalamu, yake haiandiki. Andika yote, Azan, na feni pia, usiiruke. Vizuri. Sasa jina lako. Na hapa chini naweka langu.

Abrar, njoo uchukue karatasi yako. Isome kabla hujashukuru, mie sikuwahi kusoma yangu.

Nawashukuru wote, kuanzia meza kuu hadi walioko nje ya turubai. Mmenisikiliza miaka kumi na saba, na leo mmenisikiliza kwa mara ya mwisho, asanteni sana. Mkinikuta njiani nimekaa kimya, msinihurumie. Napumua.