Rangi ya Buluu Mlangoni mwa Msitu

Sikilizeni, wanangu, na wewe Gaspari acha kuangalia saa, maana anayekufa hapa ni mimi na sina haraka. Costansia, niinue kidogo, mto umeteleza. Padri ameshanipaka mafuta, majirani wameshaaga, yaliyobaki ni yangu na ninyi.

Ya mali ni mafupi. Kibanja cha juu pamoja na nyumba hii ni cha Gaspari, kwa kuwa ndiye mkubwa; cha chini, kinachoelekea Kituntu, ni cha Mbonimpa; mibuni yote ya kando ya barabara ni ya Costansia, na asitokee mjomba wala shangazi wa kusema binti harithi, maana aliyeniogesha na kunilisha ugonjwani si mjomba. Ugomvi wa mpaka na jirani yetu Telesfori tuliumaliza kwa kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, msiufukue.

Sasa nije kwenye lililonichosha kuliko ugonjwa wenyewe.

Tangu moto uteketeze msitu kiangazi kilichopita, sijapata utulivu humu ndani. Gaspari anasema uliwashwa na Mbonimpa akichoma nyasi ili ng'ombe wapate majani mapya. Mbonimpa anasema ni kienge cha Gaspari cha kufukuzia nyuki alipokwenda kurina asali. Nani aliwasha sijui, na kwa jinsi nilivyochoka sitaki kujua. Niliomba jambo moja tu: nipelekwe mlangoni mwa msitu, pale njia inapoingia kwenye miti, kwenye kile kipande tulichopewa na kijiji, nikapaone kabla sijafumba macho. Mkaniambia ni mbali. Mkaniambia mti umeangukia njia. Mkaniambia baba, moshi utakudhuru, wakati mvua zilikuwa zimeshanyesha. Mpaka dada yenu aliposhika panga akaanza kukata miti ya machela peke yake, ndipo mkaona haya.

Na safari yenyewe mliniharibia. Mlinibeba kama mkungu wa ndizi uliokosa mnunuzi, mkagombana nani atangulie, mkanitua chini kila mlipokutana na mtu wa kusalimiana naye, na kule mteremkoni mkanishusha kichwa chini miguu juu. Nikanyamaza, kwa sababu nilijua mnachelewesha jambo. Njia ya mwongo ni fupi, wanangu, hata akiizungusha milimani.

Tulipofika nilikuta majivu, na miti imesimama myeusi, na kimya ambacho sijapata kukisikia pale. Nililia, mliniona. Kisha nikaona kila mti mnene umepigwa alama ya rangi. Nikauliza, nawe Gaspari ukajibu kwamba ni mabwana misitu. Mwanangu, rangi ile ni ya buluu, ndiyo iliyo kwenye mlango wa kioski chako, na tone lake liko kwenye kiatu ulichovaa sasa hivi. Mbonimpa akanieleza yote tukirudi, maana kimya changu kilimshinda: Placidius wa Muleba, mfanyabiashara wa mkaa, amewaahidi mabati mkimwachia kipande kile nikishakufa. Mwaka mzima hamjakubaliana hata juu ya kamba ya kufungia ndama, ila katika hili mmekuwa ndugu.

Mnasema miti imekufa. Mimi nilikwangua gome kwa ukucha nikakuta ubichi, na mashinani nimeona machipukizi. Placidius huchimba hadi visiki, na akishachimba hapachipui kitu, nayo chemchemi mnayokunywa iko chini ya mizizi hiyo. Mwaka ule wa vita, mabomu yalipolia upande wa Kyaka, tuliingia kwa mlango ule, mama yenu Anatolia amekubeba wewe Mbonimpa mgongoni, unaharisha, na msitu ukatuficha hadi hatari ilipopita. Hivyo ndivyo mnavyoushukuru.

Ningewaapisha, lakini viapo vyenu navijua. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nami nimewachelea mno. Basi nizikeni kule. Mlangoni mwa msitu, katikati ya miti mliyoipaka rangi, na kaburi mlijengee mawe. Placidius hatanunua kaburi la mtu, nanyi, pamoja na upumbavu wenu wote, hamtauza la baba yenu.

Mnatazamana. Najua mnachowaza. Kule migombani, ubavuni mwa mama yenu, pana nafasi yangu tangu siku tulipomzika. Nimeipalilia mwenyewe kila msimu, nikimwambia, Anatolia, nisubiri, nakuja. Nilitaka sana kulala pale. Sikutaka kitu kingine... Na mmenilazimisha kuuacha ubavu wa mke wangu nikalinde miti dhidi ya watoto wangu. Inaniuma. Inaniuma kuliko kifua hiki.

Maji, Costansia... Basi. Inatosha.

Pale pangu migombani msipaache wazi, pandeni mgomba, mama yenu asikae kando ya nafasi tupu. Mungu awalinde. Awape mvua, awape watoto, awape na amani ambayo mimi... hamkunipa. Nimewasamehe, ingawa mmenichosha.

Mkishanizika, msirudi nyumbani kwanza. Pitieni kwa mama yenu, wote watatu... mkamwambie kwa nini sikuja. Aseme Gaspari. Kwa mdomo wake mwenyewe... nanyi wengine mkae kimya, asikie vizuri.